Dole Gumba la Wifi Tusekile

Haya alinisimulia Lugano mwenyewe, msimu wa mvua uliopita, tukiwa jikoni kwangu tunachambua maharage ya mbegu. Alikuwa anasema kidogo, anatupa punje mbovu kando, kisha anaendelea. Nami nayaweka hapa kama alivyoyapanga yeye.

Wakati huo Lugano alikuwa afisa masijala wa Benki ya Umande, tawi la Tukuyu. Masijala ni kile chumba cha benki ambacho mteja hakioni. Huko ndiko yanakolala majalada ya watu wote, walio hai na waliokufa, waliohama na waliosahau kwamba waliwahi kuwa na akaunti. Chumba cha Tukuyu kilikuwa kimejaa mpaka darini, na kwa kuwa mvua ya mji ule haijui kupumzika, karatasi zilikuwa zimeshikana kama chapati zilizofunikwa zingali moto. Ukitaka jalada la mtu unavaa barakoa kwanza kwa ajili ya ukungu, halafu unasali.

Ndipo makao makuu wakamleta Msomaji.

Msomaji alikuwa mtambo, mrefu kama kabati la nguo lililolazwa. Hakuhitaji kufunguliwa jalada. Unalitia zima zima upande huu, mwanga unapita katikati ya karatasi moja baada ya nyingine, hata zile zilizogandana, naye anasoma wino, muhuri, alama za vidole, mpaka uzito wa mkono ulioshika kalamu. Kisha anatafuta kila kitu kingine alichowahi kuwekewa mtu yule, picha, kumbukumbu za kompyuta za zamani, sauti zilizorekodiwa kaunta, anavifunga pamoja kuwa kitu kimoja kinachoitwa shina. Na siku hizo shina la benki ndilo lilikuwa mtu mwenyewe. Zahanati ilikutambua kwa shina. Bomba la maji lilikutambua kwa shina. Ukitaka kupanda kiti cha waya kinachovuka mashamba ya chai kwenda Mbeya, shina.

Karatasi zikishasomwa zilitokea upande wa pili, zikaenda kulowekwa na kupondwa, zikawa trei za mayai. Watu wa Tukuyu walikuwa wananunua mayai yamekalia majina ya babu zao bila kujua.

Lugano aliupenda mtambo ule, usije ukadhani alikuwa mmoja wa wale wanaolilia karatasi. Alikuwa ameona wazee wakizungushwa kwa sababu jalada limeliwa na mchwa. Alikuwa ameona mjane akiambiwa arudi kesho mpaka kesho zikaisha. Sasa mtu anaketi, anatajwa, anaonekana. Tena makao makuu walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba kazi ikiisha Tukuyu atahamia Mbeya, awe mkuu wa masijala zote za Nyanda za Juu. Alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya mapazia ya huko.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja mzee, mfupi, kajifunga khanga mbili, kavaa sweta la kijani la wachuma chai, lile la zamani, kabla mashambani hawajaleta zile mashine zenye miguu kama panzi. Alipita kaunta zote bila kusimama, akagonga mlango wa masijala.

"Shikamoo mama," Lugano akasema. "Huku haruhusiwi mteja."

"Marahaba, mwanangu. Mimi si mteja. Mimi ni marehemu."

Lugano akadhani hakusikia vizuri. "Nani?"

"Marehemu Atuganile, wa Kyimbila. Nimetoka zahanati sasa hivi. Nimeliambia kabati la dawa linipe vidonge vyangu vya moyo, kama siku zote. Limenitazama usoni, likaniambia kwa upole kabisa, marehemu hapewi dawa, poleni sana wafiwa." Akavuta kiti akaketi. "Nikalijibu, asante, tumeshapoa. Sasa nimekuja kuuliza nimezikwa wapi, niende nikapalilie."

Lugano hakutaka kucheka, lakini alicheka. Kisha akamwambia Msomaji alete shina la Atuganile wa Kyimbila.

"Atuganile na Tusekile ni mtu mmoja," Msomaji akasema. Sauti yake ilikuwa ya adabu, kama ya mwalimu wa shule ya Jumapili. "Majina mawili, dole gumba moja. Kibali cha mazishi cha Tusekile kipo. Kwa hiyo mtu huyu amefariki. Zahanati nimekwisha kuiarifu. Afisa, nasubiri uthibitishe."

Mama mzee alitulia ghafla. Ucheshi wote ukamtoka usoni.

"Tuse," akasema. "Ah. Ni lile dole."

Akaeleza. Tusekile alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi wa kushona nguo pale sokoni. Zamani sana benki ilipotangaza kwamba kila mtu aje aweke kidole kwenye kile kioo chao kidogo cha taa nyekundu, walikwenda pamoja. Dole la Tusekile likakubali mara moja. La Atuganile likakataa. Alikuwa amechuma chai tangu msichana, na chai inalamba vidole. Dole lake lilikuwa laini kama pera, halina mstari hata mmoja. Karani akalifuta kwa spiriti, akalipuliza, akamwambia alisugue kwenye sketi. Wapi. Nyuma yao foleni imefika barabarani, watu wamelowa, mtu mmoja anapiga kelele kwamba kama bibi huyu hana kidole aende akanunue.

"Basi Tuse akanisogeza na kiuno chake, hivi. Akaweka dole lake tena. Akamwambia karani, kijana, huyu ni mke wa kaka yangu, tunakula chungu kimoja, dole ni la nyumbani, andika. Na karani akaandika. Alikuwa amechoka, masikini. Hatukuiba kitu cha mtu."

"Najua, mama."

"Na tangu hapo nilikuja nikapigwa picha, nikasema jina langu, kila mtu hapa alinijua. Hakuna aliyeniuliza dole tena."

Lugano alielewa kilichotokea. Picha zilikuwa matawi. Dole lilikuwa la kwanza kuwekwa, kwa hiyo ndilo shina. Msomaji alikuta nyuso mbili juu ya dole moja, akaona afadhali kuamini dole, maana picha yaweza kukosewa na karani, lakini kidole hakikosewi. Hakuna aliyemfundisha kwamba mtu anaweza kumpa mwenzake kidole kama anavyompa chumvi.

Meneja wa tawi, Bwana Anyitike, aliitwa. Alikuwa mtu mwema, mnene, anayependa mambo yaishe kabla ya chai ya saa nne. Akasikiliza, akampa mama mkono, akasoma kioo cha Msomaji.

"Mbona rahisi," akasema. "Mama yuko hai, yuko mbele yetu. Lugano, wewe ni afisa, neno lako linashinda picha. Thibitisha kwamba mtu ni mmoja ila yu hai, jina lake Atuganile. Kibali cha mazishi kinafutwa kama makosa, shina linafufuka, kabati la dawa linafunguka leo leo. Tumemaliza."

"Na Tusekile?" Lugano akauliza.

Msomaji ndiye aliyejibu. "Tusekile ataandikwa kuwa kosa la karani. Picha, sauti na nyaraka zake zitafutwa kila mahali zilipo, kwa kuwa hapakuwa na mtu kama huyo."

Mama Atuganile alimtazama meneja, akamtazama Lugano, akautazama mtambo.

"Wifi yangu si kosa la mtu," akasema.

"Mama, sikiliza," Bwana Anyitike akasema taratibu, akapiga goti moja kando ya kiti chake ili wawe sawa. "Marehemu hana foleni tena. Haumwi. Hatauliza mbona nimefutwa. Wewe una moyo unaotaka dawa. Hayo ni maandishi ya benki tu, yeye yuko kwa Mungu."

Na Lugano aliniambia kwamba pale alimwona meneja ana haki. Hilo ndilo lililomtesa. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Njia nyingine ilikuwa ni kuandika ukweli, kwamba dole lile halikuwa la Atuganile. Lakini sheria ilisema shina lililoanza kwa kidole cha mwingine ni batili toka chini mpaka juu. Lingepelekwa makao makuu, lisimame huko mpaka wazee wa huko waketi, na wazee wa huko huketi wanapojisikia. Muda wote huo Atuganile asingekuwa hai wala maiti. Angekuwa si mtu kabisa.

"Mama, umebakiwa na dawa kiasi gani?"

Mzee akafungua fundo la khanga. Vidonge vilikuwa vichache, vimeshikana na vumbi la tumbaku ya kunusa. Akalifunga tena haraka kama mtu aliyeonyesha nguo ya ndani.

"Vinatosha," akasema, na wote watatu wakajua havitoshi.

Utaratibu ulikuwa kwamba afisa hafuti kitu kabla hajakiona. Lugano akasema, "Msomaji, fungua kila kitakachofutwa." Hakusema hivyo kwa ujanja. Alitaka tu kuchelewesha mkono wake.

Zikaja picha. Tusekile kijana, macho makubwa, futi ya fundi imening'inia shingoni. Tusekile mtu mzima, amekasirishwa na mpiga picha. Kisha ikaja sauti, iliyorekodiwa kaunta miaka mingi nyuma, na mvua ya siku hiyo ikisikika nyuma yake juu ya bati.

"Kijana, salamu yako nimeipokea, sasa acha hicho kioo unitazame mimi. Una mke? Huna? Mbona shati limefuliwa vizuri? Haya, mimi nina wifi yangu, yule pale nje, anayekula hindi la kuchoma. Mjane. Anapika vizuri, ana nyumba ya bati, ila ni mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha atatoka nje akahakikishe. Nikuitie?"

"Mbishi nani!" Mama Atuganile akapayuka, ameinuka kitini. "Nani alikuwa mbishi? Mwongo wewe! Na ulinitangaza kwa watoto wa watu mpaka benki!"

Sauti haikujibu, ilikuwa inacheka na karani. Mzee akasimama pale, kidole kimenyooshwa kuelekea mtambo, akicheka, kisha machozi yakamfikia hukohuko kwenye kicheko. Bwana Anyitike akageukia dirisha, akawa anatazama mvua kana kwamba hajawahi kuiona.

"Huyo ndiye alinipa dole," mzee akasema alipoketi. "Nikampe shukrani ya kumwambia hakuwepo? Na mimi nitakuwa nimeolewa kwenye ukoo gani, nimecheka na nani miaka yote ile? Na mtambo? Mwanangu, bonyeza nimekufa. Heri niwe marehemu na wifi yangu kuliko kuwa hai peke yangu."

Lugano akaweka mikono yake miwili chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula. Akafikiri. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza Msomaji.

"Mtu asiye na shina anapataje dawa?"

"Kwa shina la mwingine," Msomaji akajibu bila kusita, "akiwa ni mtu wa nyumbani kwake. Mtu wa nyumbani ni yule anayelala chini ya paa lake. Damu haiulizwi."

"Nikimwandika Mama Atuganile kuwa mtu wa nyumbani kwangu?"

"Atapata dawa kwa shina lako, nyumba ikishatoa taarifa kwamba amelala. Afisa haamui shauri la mtu wa nyumbani kwake. Utaondoka masijala, na shauri litapelekwa makao makuu."

Bwana Anyitike akageuka kutoka dirishani. "Lugano. Na Mbeya?"

"Ataenda mwingine."

"Utarudi kaunta. Kuhesabia watu noti, na vijana uliowafundisha wewe wakikuita dada. Umeelewa unachosema? Kwa kibonyezo kimoja ambacho hakimuumizi mtu?"

"Bosi, mimi nimekisikia kicheko chake," Lugano akasema. "Nikibonyeza, kila siku nitakayokaa kwenye kiti kile cha Mbeya nitajua nimekaa juu ya mtu."

Meneja akatoa leso, akafuta jasho ambalo halikuwepo. "Basi uandike vizuri," akasema mwisho, "nami nitatia sahihi chini yako. Wakigomba wagombe na wawili."

Lugano akaandika ukweli wote: dole lilikuwa la wifi, lilitolewa waziwazi mbele ya karani, waliolitumia walikuwa wanawake wawili, kila mmoja na uso wake na jina lake, mmoja amefariki na mmoja yu hai. Akautuma. Mlango wa masijala ukamwomba atoke nje, kwa adabu.

Kilichobaki ni mzee mwenyewe, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Nije kukaa kwako?" akasema, wamesimama barazani. "Kama mgonjwa? Hata jina la mama yako silijui."

"Aliitwa Bupe. Ameshatangulia."

"Nyumba yako ina bustani?"

"Ina migomba michache nyuma."

"Michache." Akaonja neno hilo kama chakula kisicho na chumvi. "Na unajua kupika ndizi na maharage, au ndiyo nyie mnaokula vitu vya kopo?"

"Vya kopo, mama."

"Niliona tu kwenye mikono yako. Haya, twende kabla sijabadili mawazo. Lakini jikoni ni kwangu."

Nyumba za mji siku hizo zilikuwa zinajua waliomo kwa pumzi, ili maji yagawiwe sawa. Pumzi ya mtu mpya aliye macho nyumba iliihesabu ya mgeni. Ya aliyekwisha kulala humo ilihesabiwa ya mwenyeji. Juu ya mlango wa kila chumba palikuwa na taa ndogo. Mgeni akiwemo ni ya njano. Wote wakiwa wenyeji ni ya kijani. Taarifa hiyo ndiyo ilikuwa inasubiriwa na kabati la dawa, maana vidonge vya kwenye fundo vilikuwa vimeisha baada ya chakula cha jioni, ambacho mzee alikipika na kukilaumu mwenyewe.

Walilala mapema, giza halijakaza bado, kwa sababu baridi ilikuwa inaingia mifupani. Lugano alimpa kitanda, yeye akatandika godoro sakafuni. Taa ilikuwa njano.

"Kitanda chako laini mno. Kama kulala juu ya ng'ombe."

"Nikuletee mkeka?"

"Usisumbuke. Mwanangu, umeacha kiti kikubwa kwa ajili ya kizee usichokijua."

"Walikuwa hawajanikabidhi."

"Usinidanganye. Nilikuona ulivyoaga ule mtambo. Uliupapasa."

Lugano alikuwa ameupapasa kweli. Akasikia mzee anageuka upande huu, anageuka upande ule, blanketi linalalamika. Akasikia moyo wake mwenyewe ukidunda, akawaza ule mwingine pale juu, uliochoka, usio na dawa ya kesho. Asipolala huyu, basi yote yalikuwa bure. Na usingizi haulazimishwi hata kwa sheria.

"Sijalala vizuri tangu Tuse afe," mzee akasema polepole, gizani. "Ndiyo ukweli wenyewe. Tulipobaki wajane tulihamia chumba kimoja, kwa ajili ya baridi. Tulikuwa tunagombana mchana kutwa, usiku tunalala mgongo kwa mgongo. Ukilala hivyo humwoni mtu, humsemeshi, lakini unajua yupo. Sasa nikigeuka nakuta shuka."

Lugano akaondoka godoroni. Akapanda kitandani, akaugeukia ukuta, akasogea nyuma taratibu mpaka mgongo wake ukaugusa ule mwingine. Ulikuwa mdogo kuliko alivyofikiri, na wa moto.

"Mifupa yako mikali," mzee akasema.

"Kesho nitakula."

"Utakula. Ndizi za mbalaga, na maziwa mgando." Akavuta blanketi, akachukua sehemu kubwa. "Miguu yako baridi. Iweke hapa. Haya. Sasa usiongee."

Mvua ilianza juu ya bati, kwanza ya kubembeleza, kisha ya kweli. Nyuma yake Lugano alisikia pumzi ikirefuka, ikakwama, ikaanza tena, ikawa nzito, ikapata mwendo wake kama mtu aliyetua mzigo akaendelea kutembea. Mbele yake ukuta ulikuwa wa njano. Aliutazama. Alitaka kugeuka aione taa yenyewe, akajizuia, maana angegeuka ule mgongo ungekosa pa kuegemea.

Akiwa bado anautazama, ukuta ukageuka kijani.

Alikuwa ameacha sufuria jikoni halijaoshwa, na sare ya kaunta ilikuwa inasubiri kupigwa pasi. Hakunyanyuka. Alisogeza miguu yake pale ilipoonyeshwa, penye joto, akafumba macho, naye akalala.